Manukato ya Baridi kwenye Jua la Bungoma

Nafula mwanangu,

Sikuulizi hali kwa sababu nakusikia. Kati ya meza hii ya jikoni na kitanda chako kuna ukuta wa mbao tu, na tangu uingie chumbani jioni hii nimesikia zipu ya sanduku ikifunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena. Ningeweza kukuita, au nije nibishe. Lakini tangu Jumapili kila nikikuita unanijibu "Sawa, mama," na hiyo sawa yako imeniumiza kuliko kama ungenitukana. Basi naandika. Karatasi haiwezi kuniambia sawa.

Sitaandika habari ya kuficha pasipoti, wala kula vizuri, wala kuvaa soksi mbili mbili ukifika Kanada. Hayo baba yako ameyasema mpaka hata kuku wa hapa nyumbani wameyashika. Mimi nataka kuzungumza nawe juu ya zile chupa mbili za manukato.

Najua umekunja uso hapo ulipo. Unasema, "Mathee ameanza tena." Ndiyo, nimeanza, ila leo naanzia mahali ambapo sijawahi kuanzia. Nivumilie mpaka mwisho, halafu unihukumu.

Rafiki yako Sela alipokutumia zile chupa kutoka Dubai, uliziweka hapa hapa mezani ukaziondolea makaratasi taratibu, kama mtu anayemvua mtoto mchanga nguo. Moja nyeusi, ya mraba, nzito ajabu. Nyingine rangi ya chai ya mkandaa, imebonyea kiunoni. Ukaniambia, "Mum, hizi si za kuchezea. Ni za winta. Ukivaa hizi kwa joto unaweza kuua mtu, bana." Ukanieleza kwamba ile nyeusi ni udi, moshi na ngozi, na hii nyingine ni mdalasini, tumbaku na vanila. Baada ya hapo ukawa unashinda saiba, kwenye zile kompyuta za kulipia pale mjini Kitale, ukisoma watu wa ng'ambo wakibishana ipi kali zaidi ya mwenzake. Watu wazima, Nafula, wenye kazi na watoto, wanapigania harufu kama wanapigania kiti cha bunge! Kuna mmoja uliyenisomea, aliyeandika kwamba ile nyeusi huingia chumbani kabla ya mwenyewe hajaingia. Wewe ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mimi nilitoka nje nikafukuza kuku ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote.

Halafu baba yako akalipeleka sanduku stoo, akalitundika kwenye mizani yake ya magunia ya mahindi, akatikisa kichwa. Limezidi. Ukasema basi, utaacha chupa moja. Kuanzia hapo ukakosa raha. Leo hii, kesho ile. Ulisema unataka kufika ugenini na kitu kimoja kitakachowaambia watu wewe ni nani kabla hujafungua mdomo. Ukaja ukaniuliza mimi, na uliniuliza kwa moyo safi, nilikuona. "Mama, nibebe gani?"

Nikakujibu, "Beba Biblia."

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na lilikuwa dogo. La pili unalijua, kwa maana lilikupata mbele ya ukoo mzima. Lakini hulijui lote, na sitaki upande ndege ukiwa na nusu yake.

Jumapili ile tulikuwa tunashuka Bungoma, kwa kina baba yako kule karibu na Kibabii, wakuombee kabla ya safari. Unakumbuka Kitale ilivyoamka. Ukungu ulikuwa umefunika hata choo, na baba yako alikuwa anamwagia kioo cha pikapu maji ya moto. Nilisimama mlangoni pako na thamosi mkononi, nikakuona ukijipulizia ile nyeusi. Ukanusa kiganja. "Hii kitu haitoki," ukasema. "Mbona siskii?" Ukajipulizia tena shingoni. Ukajipulizia kwenye skafu. Ukanigeukia ukaniuliza, "Unaskia chochote?" Nikasema, "Twende, tumechelewa."

Nilijua, Nafula. Nilijua kitakachotokea tukishuka na jua likapanda, kwa sababu kilinitokea mimi mwenyewe kwenye njia ile ile, siku ya kwanza nilipokwenda boma lile lile. Ningekwambia tu, acha hapo, yanatosha, huku juu baridi inayabana, kule chini joto litayafungua. Lakini ungeniuliza, "Umejuaje?" Na hilo swali nimelikimbia tangu uzaliwe.

Nilikuwa mdogo kuliko wewe ulivyo sasa. Baba yako alikuwa ameshaleta watu kwetu, kule kijijini Kwanza, mambo yamesemwa yakakubaliwa, ikabaki mimi kupelekwa kwao nikaonwe. Aliyenipamba ni senge yangu Rebeka, dada ya baba. Senge alikuwa amefanya kazi ya nyumbani kwa mama mmoja mzungu aliyekuwa na shamba kubwa la ngano, na yule mzungu alipouza shamba akaenda kwao, alimwachia chupa ya manukato iliyofika nusu. Senge aliitunza kwenye sanduku la bati miaka na miaka, akingoja siku ya maana. Akaamua siku yenyewe ni yangu. Nililia kwa furaha alipoitoa. Sikuwahi kupakwa kitu zaidi ya mafuta ya mgando.

Yalikuwa manukato ya baridi, kama hayo yako. Yalitengenezewa watu wanaovaa makoti ya manyoya na kukaa karibu na moto. Sisi tungejuaje? Alfajiri ile kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Senge akanipaka shingoni, akanusa, akasema, "Yamechuja haya. Yamekaa sana." Akanipaka tena. Akanipaka nyuma ya magoti, akanipaka kwenye kitambaa cha kichwa, na yaliyobaki akayamwaga kwenye gauni. Tukapanda lori la mahindi lililokuwa linashuka, tukakaa juu ya magunia kwenye upepo, na mimi sikusikia kitu.

Tulifika Bungoma jua limesimama utosini. Nyumba ilikuwa ya mabati bila dari, imejaa wazee kutoka kila upande, hata Sirisia, madirisha madogo, moto wa jikoni unawaka ukuta wa pili. Nikiwa nimesimama katikati ya chumba hicho, nikaanza kujisikia mwenyewe. Harufu ilipanda kutoka kifuani ikanifika puani, ikaendelea. Mzee mmoja akafungua dirisha. Mwingine akapiga chafya, akatoka, hakurudi. Nikaona macho yanashuka moja moja, watu wanatazama miguu yao. Mtu akasema, "Mwali aketi," na mimi kwa kuchanganyikiwa nikaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu nami.

Kilikuwa kiti cha Kuka yako.

Wewe umekulia Kitale, kwenye plot zenye majirani wa kila kabila, kwa hiyo mambo haya umeyasikia kwa mbali. Kwa Kuka wewe ni mjukuu, anakuita bibi yangu, kana kwamba u mkewe, mnataniana, unamvuta ndevu, hakuna neno. Kwangu mimi yeye ni baba mkwe. Mkaza mwana na baba mkwe hawapeani mkono. Hapiti mmoja alipolala mwenzake, haketi alipoketi. Tunaita soni, na ni heshima iliyochanganyika na woga, watu wakizidisha woga ndivyo heshima inavyoonekana. Mimi niliketi kwenye kiti chake siku ya kwanza, tena nikiwa nimelowa manukato. Niliponyanyuliwa, nilinyanyuka mimi. Harufu ilibaki imeketi.

Kukhu yako, mama mzazi wa baba yako, Mungu amlaze pema, alinishika mkono akanipitisha katikati ya watu mpaka nyuma ya nyumba. Akaweka beseni na kipande cha sabuni ya kufulia. Akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa sebuleni waliisikia, "Oga kwanza. Tukuone wewe, si hiyo halufu." Wanawake wakasimama wakitazama. Wengine walikuwa wasichana wa umri wangu. Nilijisugua shingo mpaka ikawaka, na kila nikimwagia maji naona harufu haiondoki, na mmoja anacheka, na mwingine anamnyamazisha. Baba yako alikuwa amesimama karibu na ghala anazungusha kofia mikononi. Nilimchukia kwa hilo muda mrefu, kisha nikachoka kumchukia, kisha tukazoeana.

Kile kiti walikisugua na majivu. Wakakianika. Na unajua wewe, mtaalamu wa saiba, jua linafanya nini kwa manukato ya aina hiyo. Kadiri walivyokianika ndivyo kilivyonukia, mpaka wapita njia wakawa wanauliza kuna harusi gani. Kuka akawa anakaa nje kwenye kigogo, mzee wa heshima zake, anakula mgongo ukiwa umeelekea nyumba. Mwishowe wazee wakaitwa, kondoo akachinjwa, maneno yakasemwa, akarudi kitini. Lakini mimi nikabaki na jina. Nikienda sokoni, nikienda matangani, nasikia nyuma yangu, "Ndiye huyu yule wa kiti." Na Kuka na mimi, mpaka leo, hatujawahi kusemezana uso kwa uso. Akiwa na neno langu anampa mtu wa tatu alilete.

Sasa sikia nilichojifunza pale kwenye beseni, kwa maana nilijifunza vibaya. Ningejifunza tu kwamba manukato ya baridi hayavaliwi kwenye joto, ningekuwa nimesaidika, na mambo yangeisha. Mimi nilijifunza kujipunguza. Nilijiambia, hakuna mtu atakayenisikia tena kabla sijafika, wala baada ya kuondoka. Nikaacha kila kitu chenye harufu. Unajua najipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe mpaka leo, na ulipokuwa mdogo ulidhani ndivyo mama wote walivyo. Nikajifunza kucheka nikiwa nimefunika mdomo. Nikajifunza kukaa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Watu wa Bungoma wakanisifu, wakasema nimekuwa mwanamke mtulivu, na zile sifa nikazimeza kama sukari.

Ingekuwa ni mimi peke yangu, si kitu. Lakini nilikupunguza na wewe. Unakumbuka ulipokariri ile zaburi kanisani, ukiwa darasa la sita, ukaisema kwa sauti iliyofika barabarani? Watu walipiga makofi. Uliporudi kukaa karibu nami nilikufinya paja, nikakunong'oneza, "Kwani lazima wote wakusikie?" Uliangalia mbele ibada nzima. Mwaka uliofuata walipokuita ukariri, ulisema unaumwa koo. Hukuwa unaumwa koo, Nafula. Nilijua, na niliona ni afadhali.

Ndiyo sababu chupa zako zilinitisha. Zilikuwa ni kila kitu nilichokuwa nimekizuia kisiingie nyumba hii, zimewekwa juu ya meza yangu ya kulia chakula.

Turudi Jumapili. Tulipopita Kamukuywa jua lilikuwa limetoka, na kwenye pikapu baba yako akashusha kioo bila kusema sababu. Tulipofika, turubai lilikuwa limefungwa, watu wamekaa, joto limejaa chini yake. Niliona viti vikisogezwa. Niliona mke wa mchungaji akijipepea na kitabu cha nyimbo. Wewe hukuona hata kitu kimoja, ulikuwa unasalimia, unacheka, unapendeza. Halafu Kuka akaita, "Bibi yangu ameletwa!" nawe ukamkimbilia, ukamrukia shingoni, ukamkumbatia na skafu yako na kila kitu. Nikaona lile koti lake. Nikaona harufu inaingia kwenye koti la baba mkwe wangu, mbele ya macho ya watu wale wale, kutoka kwa mtoto niliyemzaa mimi.

Sijui nilisimamaje. Nilijikuta tu nasema, "Nafula! Toka hapo! Nenda nyuma ya nyumba ukaoge, unanuka kama..." Na nikamalizia na neno ambalo mama hamwiti bintiye. Sitaliandika. Ulilisikia wewe, akalisikia mchungaji, wakalisikia hata watoto waliokuwa wanagombania soda.

Ulinitazama. Ulikuwa ukingoja nicheke, niseme ni utani. Kisha ukaenda. Senge yako Naliaka akachukua beseni akakufuata, na mimi nikaketi nikisikia maji yakimwagika nyuma ya nyumba ile, na mlio ule naujua. Mara hii mimi ndiye niliyekuwa Kukhu.

Hapa ndipo kuna jambo usilolijua, kwa kuwa ulikuwa huko nyuma. Kuka hakunitazama. Alimwita baba yako, aliyekuwa amekaa hatua chache kutoka kwangu, akasema kwa sauti, ili nisikie bila yeye kunisemesha:

"Mwambie mama ya mtoto, kile kiti kirishasahau zamani. Hata kuni tulishakifanya. Rakini yeye, ati bado amekikalia."

Baba yako akanigeukia, kana kwamba sikusikia, akaanza kuniambia, "Mzee anasema..." Nikamwambia, "Nimesikia." Ilikuwa mara ya kwanza mzee huyo kunizungumzia kile kiti, na alichagua kunivua mzigo siku ambayo nilikuwa nimeshakubebesha wewe.

Maombi yalifanyika, ukapiga magoti nywele zikiwa bado zinachuruzika maji, wakakuwekea mikono. Mimi pia nilikuwekea mkono. Ulikaza bega chini ya kiganja changu, nikalisikia.

Na njia nzima ya kurudi, sisi watatu tumebanana mbele ya pikapu, wewe dirishani. Mvua ilianza kabla ya Kiminini. Ndipo uliposema, polepole kabisa, bila hasira yoyote, na ndiyo iliyonimaliza: "Mama, nikienda, usiningoje." Baba yako akabadilisha gia pasipo na haja. Tangu hapo sijalala vizuri. Nawajua watoto wa watu hapa Kitale waliokwenda ng'ambo, mwanzoni simu kila wiki, kisha Krismasi, kisha mama anaulizwa kanisani, "Mtoto yuaje?" naye anasema, "Anaendelea," lakini hajui. Nilikuwa nawahurumia. Sikudhani naweza kumfukuza wangu mwenyewe kwa mdomo wangu.

Leo mchana ulipokwenda mjini kuchukua picha zako, niliingia chumbani kwako. Utaona chupa zimepungua kidogo. Hakuna mwizi, ni mimi. Nilijipulizia ile nyeusi mkono wa kushoto na hii ya mdalasini mkono wa kulia, kwa uoga, nikigeuza uso pembeni kama mtu anayechinja kuku kwa mara ya kwanza. Kisha nikatoka nje kwenye manyunyu. Unajua Agosti ya hapa. Nilikwenda kukata nyasi, nikaenda boma la ng'ombe, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikanusa mkono mmoja, nikangoja, nikanusa mwingine. Jirani angenipita angedhani nimerukwa na akili.

Ile ya mdalasini ilitoka upesi. Ni nzuri. Inakusalimia kwa kelele, halafu inatulia, inakuwa na utamu wa jikoni siku ya Krismasi, na ukiivaa hakuna mtu atakayekuchukia. Ng'ombe alinilamba mkono huo. Ile nyeusi ilikaa kimya. Nikasema, kumbe ni bure. Nikaendelea na kazi. Mvua ikaongezeka, vidole vikafa ganzi, na ndipo ikaanza kuja, si kwa fujo ile ya Jumapili, ila polepole, karibu na ngozi, moshi kwanza, kisha kitu cha ndani zaidi ambacho sina jina lake. Kwenye baridi haipigani na mtu. Inasimama tu mahali pake na haiombi radhi. Nilibaki nikinusa mkono wangu mpaka machozi yakanitoka, Nafula, mimi mtu mzima, ndani ya zizi. Nililihukumu jambo la baridi nikiwa juani, nikalitolea hukumu mbele ya watu.

Nilipoingia ndani baba yako aliinua kichwa, akauliza, "Kuna mgeni?" Nikamwambia, "Ni mimi." Akasema, "Mwambie akae." Baba yako ana maneno yake bado, usimwone hivyo.

Basi ukiniuliza tena leo nibebe gani, sikwambii Biblia. Nakwambia mimi ningebeba ile nyeusi. Lakini wewe si mimi, na shingo ni yako. Na haiwezekani kuchagua hapa. Bungoma ni joto, Kitale ni baridi ya kubahatisha. Chagua ukiwa kwenye baridi yenyewe, ukiwa umeshatembea nje ukajua mwili wako unasemaje huko. Ukikosea ujipulizie nyingine kesho yake. Kwa ajili hiyo nimetoa kwenye sanduku unga wa wimbi, sukari nguru na ile chupa ya simsim, vyote nilivyokulazimisha mimi. Ndivyo vilivyokuwa vinazidisha uzito tangu mwanzo, na mimi nikanyamaza ukihangaika na chupa zako. Baba yako amelitundika sanduku tena, akasema liko sawa. Chupa zote mbili zimo, nimezifunga ndani ya taulo.

Nadhani umeshaziona. Nilisikia zipu, kisha nikasikia umenyamaza. Bado umenyamaza mpaka sasa ninavyoandika, na mimi sijui hicho ni kimya cha namna gani.

Huko wapo watakaosogeza viti. Sitakudanganya kwamba hawatakuwepo. Wengine kwa sababu umejipulizia kupita kiasi, na hao wasikilize, ni majirani tu wanaotaka kupumua. Wengine hata usipojipulizia kitu. Utawatofautisha, wewe una pua nzuri. Lakini hata iwe vipi, usikimbilie beseni kwa sababu mtu amekunja uso. Mimi nilijiosha miaka yote hii na sikuwahi kutakata machoni pa yeyote, kwa kuwa aliyekuwa ananinusa kila siku ni mimi.

Na lile neno nililokuita, nalitoa. Halikuwa lako. Nilikosea, mwanangu, nisamehe. Najua kuomba msamaha kwa karatasi ni rahisi, ndiyo maana asubuhi nitakuomba tena kwa mdomo, mbele ya baba yako, na nitawapigia simu wa Bungoma niwaambie wao pia. Ulisema nisikungoje. Nitakungoja. Hilo huna uwezo wa kunikataza, hata ukibadilisha namba, hata ukae huko mpaka uote mvi.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba kesho usijipulizie chochote, ili nikunuse wewe mwenyewe kwa mara ya mwisho. Nimelikata hilo. Ilikuwa amri nyingine tu imevaa nguo za Jumapili.

Barua hii nitaipitisha chini ya mlango wako. Kesho vaa unayoitaka. Kutakuwa na baridi, jipulizie bila kuogopa. Mimi nitasimama kando ya pikapu nimevaa sweta yangu ya kijivu, ile ya sufu inayonasa kila kitu. Hata kama bado una hasira, njoo na hasira yako, unikumbatie kwa nguvu, ukae hapo mpaka harufu ishike.

Sitaifua.

Mama yako